Unataka Kununua Nyumba Dodoma na Moyo Unasita? Anza Hapa

Anayeuza nyumba Iyumbu atakwambia bei itapanda tu, kwa sababu ofisi za serikali zimehamia Mtumba, treni ya SGR inafika na uwanja wa ndege wa Msalato unajengwa. Anayekukataza atakwambia viwanja vilivyopimwa ni vingi kuliko watu wa kuvijenga, na kwamba wanaopanga leo ni watumishi ambao kesho wanaweza kupewa barua ya uhamisho. Wote wawili wana hoja, na hakuna hata mmoja anayejua bei itakuwa ngapi miaka mitano ijayo. Ukisubiri wakubaliane ndipo ununue, hutanunua. Ukimwamini mmoja kwa sababu anaongea kwa kujiamini, umenunua maneno yake.

Jambo ambalo wanunuzi wengi hawaligundui mapema ni kwamba woga wa soko huficha woga mwingine. Mtu anasema "naogopa bei itashuka" kumbe anaogopa ukuta uliopasuka aliouona nyuma ya jiko, au hati yenye jina la marehemu, au mshahara ambao hautoshi. Hizo ni shaka zenye majibu. Nyingine unazijibu kwa kwenda ofisini, nyingine kwa kuchimba shimo, nyingine kwa kalamu na karatasi. Ukizimaliza, woga wa soko unaobaki huwa mdogo, na una namna yake ya kuukabili.

Andika shaka, usizizungushe kichwani

Chukua daftari. Kila shaka iandike kama swali, kisha pembeni andika nani anaweza kulijibu na itagharimu kiasi gani. "Nyumba za Dodoma zinapasuka" si swali. "Je, nyufa za nyumba hii bado zinapanuka?" ni swali, na anayelijibu ni mhandisi wa majengo pamoja na majira ya mvua. "Sina uhakika na muuzaji" igeuze iwe "Jina lililo kwenye daftari la msajili wa hati ni la nani?" Hilo linajibiwa na ofisi ya ardhi.

Kama mnanunua wawili, kila mmoja aandike lake bila kuchungulia la mwenzake. Mara nyingi mume ameandika mambo ya mkopo na mke ameandika mambo ya maji na umbali wa shule, kumbe kila mmoja alidhani mwenzake hana wasiwasi wowote.

Maswali yasiyo na mtu wa kuyajibu, kama "serikali ijayo itaendelea kujenga Dodoma?", yaandike ukurasa wa mwisho na uyaache hapo kwa sasa. Tutayarudia.

Hesabu kwanza, nyumba baadaye

Kosa la kawaida ni kuzunguka na dalali Jumamosi nzima kabla ya kujua uwezo wako. Ukishaipenda nyumba, hesabu zote zinaanza kukubaliana nayo.

Tuchukue mfano wa nyumba inayouzwa shilingi milioni 90. Una milioni 30 taslimu na unataka kukopa milioni 60 benki kwa miaka 15. Riba za mikopo ya nyumba Tanzania zimekuwa zikicheza kati ya asilimia 13 na 19 kwa mwaka. Kwa riba ya asilimia 15, rejesho ni takriban shilingi 840,000 kila mwezi, na mpaka unamaliza utakuwa umelipa karibu milioni 151 kwa mkopo wa milioni 60. Riba ikiwa asilimia 18, rejesho linafika 966,000. Tofauti ya pointi tatu ni shilingi 126,000 kila mwezi kwa miaka 15, kwa hiyo kabla ya kuvutana na muuzaji kuhusu milioni moja, zungukia benki tatu upate barua zenye riba, ada ya mkopo, bima na gharama ya kulipa mapema. Uliza pia kama riba inaweza kubadilishwa katikati ya mkopo na kwa utaratibu gani.

Sasa ulizia nyumba kama hiyohiyo, mtaa huohuo, inapangishwa kwa kiasi gani. Tuseme ni 350,000 kwa mwezi, yaani milioni 4.2 kwa mwaka. Gawa bei kwa kodi ya mwaka: 90 kwa 4.2 ni zaidi ya 21. Maana yake ni kwamba kodi ya miaka 21 ndiyo inalingana na bei ya nyumba, kabla ya matengenezo. Kadiri namba hiyo inavyopanda ndivyo unavyolipia matumaini ya kesho kuliko makazi ya leo. Ikiwa chini ya 15, kununua kunajitetea chenyewe. Ikipita 20, lazima uwe na sababu nyingine nzito: unataka kutulia, una watoto shuleni, au hutaki tena kuhamishwa na wenye nyumba. Ni sababu halali kabisa, lakini usiziite uwekezaji.

Kipimo kizuri kuliko vyote cha uwezo ni kulipa kabla ya kukopa. Chukua rejesho unalotarajia, toa kodi unayolipa sasa, na tofauti hiyo ihamishie kwenye akaunti ambayo huigusi. Kwa mfano wetu ni 840,000 kutoa 350,000, yaani 490,000 kila mwezi. Fanya hivyo kwa miezi sita, na hakikisha ndani yake kuna Januari, mwezi wa ada za shule. Ukimaliza bila kuzigusa, una milioni 2.94 za ziada na jibu. Ukishindwa miezi miwili kati ya sita, nalo ni jibu, na halijakugharimu nyumba.

Watumishi wa umma wanajua kanuni ya kubakiwa na theluthi moja ya mshahara baada ya makato. Hiyo ni mipaka ya mwajiri. Haina maana kwamba mtu anaishi vizuri akiigusa. Acha nafasi.

Usisahau gharama zinazoongozana na bei. Ushuru wa stempu ni karibu asilimia 1 ya thamani. Kuna wakili, mthamini, ada za usajili, na dalali ambaye kwa mauzo hudai kati ya asilimia 5 na 10 kutegemea mlivyoelewana na nani amemleta. Kodi ya ongezeko la mtaji kisheria ni ya muuzaji: asilimia 10 ya faida kwa mtu mkazi mwenye kumbukumbu za gharama zake, au asilimia 3 ya bei au thamani iliyoidhinishwa kwa asiye na kumbukumbu hizo. Wauzaji wengi husema "bei ni hiyo, iingie mkononi kwangu yote", wakimaanisha kodi ulipe wewe. Kwa nyumba ya milioni 90, asilimia 3 ni milioni 2.7. Ukikubali, ihesabu kama sehemu ya bei.

Bei halisi inapatikanaje mahali ambapo kila mtu anadanganya kidogo

Bei zinazotangazwa mitandaoni ni bei za kuombwa, yaani anazotaka muuzaji. Kinachokusaidia ni bei zilizolipwa. Kusanya bei kumi za kuombwa katika mtaa mmoja, siyo "Dodoma" kwa ujumla, maana Kisasa, Nkuhungu na Nala ni masoko matatu tofauti, kisha tafuta angalau tatu zilizolipwa kweli. Zitapatikana kwa majirani walionunua karibuni, kwa mawakili wanaoandika mikataba, na kwa wathamini.

Nenda mwenyewe bila dalali, siku ya kazi, jioni. Jitambulishe kama mtafuta nyumba ya kupanga, au useme wazi unafikiria kuhamia. Mfanyabiashara wa genge au mama ntilie anajua zaidi ya dalali. "Shikamoo mama. Nafikiria kuhamia huku, hivi maji yanatoka siku ngapi kwa wiki? Na ile nyumba ya geti jeusi imekaa wazi tangu lini?" Swali la pili ndilo la thamani. Nyumba iliyosimama sokoni miezi minane ina hadithi: ama bei, ama hati, ama ugomvi wa ndugu.

Baada ya hapo mlipe mthamini aliyesajiliwa, uliyemchagua wewe. Mwambie akupe namba mbili: thamani ya soko, na thamani ya mauzo ya haraka. Wengi huitazama ya kwanza na kuipuuza ya pili kwa kuwa wanadhani ni ya benki. Ukweli ni kwamba ya pili ndiyo inayojibu shaka yako kubwa: nikilazimika kuuza ndani ya miezi mitatu, nitaondoka na kiasi gani? Kama thamani ya mauzo ya haraka iko chini ya mkopo wako, ukiyumba kidogo utauza nyumba na deni libaki. Ongeza malipo ya awali au tafuta nyumba ndogo zaidi.

Hati: shaka hii haivumiliwi

Hapa hakuna cha kupima kwa uzani. Kama hati haieleweki, acha nyumba, hata iwe rahisi kiasi gani.

Dodoma ina historia yake. Kuanzia 1973 mji ulisimamiwa na Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, CDA, iliyokuwa ikitoa umiliki wa miaka 33. Mwaka 2017 CDA ilivunjwa na majukumu yake yakahamia halmashauri, na wamiliki wakatakiwa kubadilishiwa nyaraka ili wapate hati za kawaida za hadi miaka 99. Si wote waliobadilisha. Kwa hiyo muuzaji akikuonyesha karatasi za CDA, fanya hesabu ndogo: umiliki wa miaka 33 uliotolewa 1992 ulifika mwisho 2025. Mwambie abadilishe kwanza, kwa gharama zake, ndipo mzungumze bei.

Utaratibu ni huu. Omba nakala ya hati na ya kitambulisho cha NIDA cha muuzaji. Nenda ofisi ya ardhi ya mkoa, uombe upekuzi rasmi wa hati hiyo, na usikubali upekuzi uliofanywa na muuzaji mwezi uliopita. Jibu litaonyesha mmiliki, rehani ya benki kama ipo, na zuio au amri ya mahakama. Halafu nenda halmashauri ya Jiji uhakikishe namba ya kiwanja, kitalu na ramani ya upimaji vinalingana na mahali ulipoonyeshwa. Kiwanja kimoja kumilikishwa watu wawili ni mgogoro uliowasumbua wakazi wengi wa Dodoma, na upekuzi wa hati peke yake haukuonyeshi kwamba umesimama kwenye kiwanja cha jirani. Mpima aliyesajiliwa apime bikoni zote nne, yaani alama za mipaka ya kiwanja. Bikoni moja ikikosekana, usiridhike na "ilikuwa hapa hapa karibu na huu mti".

Kisha maswali ya watu. Nyumba ya familia inahitaji ridhaa ya mwenzi. Sheria ya Ndoa ya 1971 inamlinda mke au mume asiyetajwa kwenye hati. Muone mwenyewe huyo mwenzi, aelewe anachosaini. Mwenye hati akiwa marehemu, anayeuza lazima awe msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, na ni busara warithi wote wazima wasaini kuwa wameridhia. Anayekuja na kauli ya "kaka yuko Dar, kaniachia mimi" aonyeshe hati ya uwakilishi iliyosajiliwa, na kaka apigiwe simu ya video mbele ya wakili.

Muhuri wa mwenyekiti wa mtaa ni msaada wa kumtambua muuzaji na majirani zake. Hauhamishi umiliki. Kwenye ardhi ya kijiji pembezoni, kuelekea Chamwino au Bahi, mambo ni mengine kabisa: halmashauri ya kijiji ndiyo yenye mamlaka, na mkataba wa karatasi ya daftari kati yako na mzee mmoja hautakulinda.

Angalia pia hifadhi. Barabara kuu na za mkoa zina hifadhi ya mita 30 kila upande kutoka katikati, na Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu au zenye kudhuru mazingira ndani ya mita 60 za mto. Mito ya Dodoma hukauka sehemu kubwa ya mwaka, na ndiyo maana watu wanajenga ndani yake bila kujua. Korongo lenye mchanga safi mweupe mwezi Agosti ni mto mwezi Januari.

Udongo na nyufa

Shaka kubwa ya wanunuzi wa Dodoma, na ina msingi. Sehemu kadhaa za mji zina udongo wa mfinyanzi unaovimba ukilowa na kunywea ukikauka. Mvua ya hapa ni ya msimu mmoja, kati ya Desemba na Aprili, kiasi cha milimita 550 hadi 600 kwa mwaka. Miezi inayobaki ni ukavu mtupu. Kwa hiyo udongo unafanya safari yote, kutoka kuvimba hadi kunywea, kila mwaka. Udongo ulio chini ya kuta za nje unalowa na kukauka haraka kuliko ule wa katikati ya nyumba, kuta zinanyanyuka na kushuka bila kulingana, na tofali haliwezi kujikunja. Linapasuka.

Si kila ufa ni balaa. Nyufa nyembamba za plasta zisizo na mwelekeo mara nyingi ni plasta iliyokauka haraka kwa jua bila kumwagiliwa. Zinazotisha ni zile za mshazari zinazoanzia kona za madirisha na milango, pana juu na nyembamba chini au kinyume chake, na zinazotokea upande wa pili wa ukuta mahali palepale. Chukua kadi ya benki. Unene wake ni karibu robo tatu ya milimita. Isipoingia, ufa ni mdogo. Ikiingia moja kwa ulegevu, andika. Kadi sita zikiingia kwa pamoja, una ufa wa karibu milimita 5, na hapo usiendelee bila mhandisi. Ufa wa milimita 15 na kuendelea ni wa jengo lenyewe, si wa plasta.

Angalia dalili zinazofichwa vibaya: rangi mpya kwenye ukuta mmoja tu, silikoni kwenye kona za fremu, mlango uliopigwa randa chini ili ufunge, vigae vilivyoinuka katikati ya sebule. Muulize muuzaji milango hubana mwezi gani. Akijibu "masika" bila kufikiri, amekujibu mengi.

Kama muda unaruhusu, itazame nyumba mara mbili: mwisho wa kiangazi, Oktoba au Novemba, na tena mvua ikiwa imekolea, Februari au Machi. Kwenye ufa unaokutia shaka piga mistari miwili ya penseli, mmoja kila upande, pima umbali kati yake kwa rula na andika tarehe ukutani. Ukikuta umbali umebadilika kwa zaidi ya milimita 1 au 2, msingi unacheza.

Udongo wenyewe unaujaribu hivi. Chimba shimo la mita 1 hadi 1.5, nje kidogo ya msingi, kwa ruhusa ya mwenye nyumba. Chukua udongo wa chini, ukaushe, usage, uchekeche uwe laini. Weka mililita 10 kwenye silinda ya kupimia ya mililita 100, jaza maji, koroga kutoa mapovu, acha saa 24. Ukisimama kwenye mililita 15 umevimba asilimia 50, na hapo tahadhari inaanza. Ukifika 20 umevimba asilimia 100 na unahitaji msingi uliobuniwa na mhandisi. Jaribio hili ni la kukuonya tu. La kuamulia lifanyike maabara.

Nyumba kwenye udongo huo inaweza kuwa nzuri ikiwa imejengwa kwa akili. Tafuta msingi uliochimbwa kina, mkanda wa zege wenye nondo chini na kwenye linta, kibaraza cha zege chenye upana wa mita 1 hadi 1.5 kikizunguka nyumba nzima na kuteremka kuelekea nje, mifereji ya paa inayopeleka maji mbali, na miti mikubwa isiyogusa ukuta. Nyumba yenye nyufa kidogo isiyo na kibaraza wala mifereji ni nafasi ya kupunguziwa bei: omba makadirio ya kazi hiyo kwa mafundi wawili na uyapeleke mezani.

Ukiwa hapo hapo panda darini na tochi. Mchwa wa Dodoma hawana huruma na mbao za paa. Gonga kenchi kwa bisibisi. Mlio wa utupu na vijia vya udongo vinavyopanda ukutani vinakwambia bajeti ya paa jipya. Plasta inayomomonyoka unga mweupe chini, hadi usawa wa goti, ni chumvi inayopandishwa na unyevu. Kupaka rangi hakuitibu.

Maji na umeme, kwa kifupi

Usiulize kama maji "yapo". Ulizia yanatoka siku zipi, kisha fungua bomba la kabla ya tanki mwenyewe. Familia ya watu watano wakitumia lita 60 kila mmoja ni lita 300 kwa siku. Maji yakitoka mara moja kwa wiki, unahitaji kuhifadhi angalau lita 2,100, kwa hiyo simtanki la lita 1,000 lililo pale halitoshi. Kisima cha chumvi ni cha kufulia na kudeki tu. Omba ankara ya DUWASA, mamlaka ya maji ya Dodoma, uone deni na jina. Kwa umeme, nunua LUKU ya shilingi elfu kumi kwenye mita ile: kodi ya majengo inakatwa humo, na malimbikizo yataonekana kwenye risiti. Kodi ya pango la ardhi omba risiti za miaka yote, deni lake linafuata kiwanja.

Ukurasa wa mwisho wa daftari

Sasa yale maswali yasiyo na majibu. Huyajibu, unajiwekea kinga ili jibu lolote lisikuangushe.

Kushuka kwa bei kunamuumiza anayelazimika kuuza. Anayeishi ndani ya nyumba na kulipa rejesho lake hapati hasara hata bei ikishuka asilimia 20, isipokuwa ya kujisikia vibaya. Jiulize basi ni nini kinaweza kukulazimisha uuze: uhamisho, ugonjwa, kufukuzwa kazi, ndoa kuvunjika, biashara kuyumba. Kwa kila kimoja andika utafanya nini. Kwa uhamisho, jibu la kawaida ni kupangisha, kwa hiyo hakikisha nyumba ni ya aina inayopangishika: vyumba viwili au vitatu, njia ya daladala au bajaji, maji. Nyumba ya vyumba sita iliyojificha mwisho wa barabara ya vumbi ni ya kuishi mwenye nyumba, siyo mpangaji. Halafu jumlisha: kodi utakayopata inafika wapi kwenye rejesho? Kwa mfano wetu, 350,000 dhidi ya 840,000, pengo la 490,000 utalibeba ukiwa Mtwara unalipa kodi nyingine. Kama huwezi, mkopo ni mkubwa mno.

Weka akiba ya marejesho ya miezi sita kando ya malipo ya awali. Si lazima ilale bure. Akaunti ya muda maalumu au mfuko wa pamoja wa uwekezaji unaokuruhusu kutoa pesa haraka unatosha.

Na usinunue kama huoni mwenyewe ukikaa angalau miaka mitano. Gharama za kuingia na kutoka zinakula faida ya miaka ya mwanzo. Aliyeishi katika nyumba yake miaka mitatu au zaidi anaweza pia kusamehewa kodi ya ongezeko la mtaji kama faida haizidi milioni 15.

Kuamua kusubiri nako kuwe na masharti. "Nasubiri soko litulie" halina mwisho. "Nasubiri hadi akiba ifike milioni 40, au hadi mkataba wangu wa kazi uhuishwe mwezi wa saba" lina mwisho. Kama bado hesabu za kununua hazikubali, fikiria kiwanja kilichopimwa na ujenzi wa awamu, njia ambayo Watanzania wengi wameipita. Ila soma barua ya toleo, ile ya kumilikishwa kiwanja, uone inasema nini kuhusu muda wa kukiendeleza.

Siku ya malipo

Dalali atakwambia kuna mtu anatoka Dar kesho na pesa taslimu. Huyo mtu huwa anatoka Dar kila wiki. Bei yako ya juu iandike kabla ya mazungumzo na mpe mtu mwingine aishike. Bei hiyo ikivukwa, nyumba imekupita.

Mkataba uandikwe na wakili wako, siyo wa muuzaji. Lipa kwa awamu kupitia benki: sehemu ndogo, mathalani asilimia 10, wakati wa kusaini, sehemu kubwa baada ya kibali cha Kamishna wa Ardhi na cheti cha kodi kutoka TRA kupatikana, na kiasi kibaki mikononi mwa wakili mpaka hati isomeke jina lako na funguo ziwe kwako. Weka kifungu cha tarehe: uhamisho ukishindikana kwa sababu ya muuzaji hadi siku fulani, pesa inarudi yote ndani ya siku 14. Bei iliyoandikwa iwe ile uliyolipa. Kuandika ndogo ili kukwepa kodi kunakuumiza wewe siku utakapouza, maana faida yako itaonekana kubwa kuliko ilivyo.

Majuma ya kwanza baada ya kusaini watu wengi hawalali vizuri. Ni kawaida, na tiba yake ni kufanya kazi zilizobaki: badilisha jina la mita ya umeme na ya maji, badilisha vitasa vyote, skani hati na uhifadhi asili mahali salama, safisha mifereji kabla ya Novemba kwisha. Mvua ya kwanza ikinyesha, zunguka nyumba mara inapokatika uone maji yanasimama wapi, yachimbie njia. Nyufa zote zilizopo zipige mistari ya penseli na tarehe, upime tena mwisho wa Aprili. Usimwite fundi wa plasta kabla ya hapo. Ukiziba ufa ambao bado unacheza, utaulipia mara mbili.